Maji Yasiyofika Baharini

Msikilizaji, najua saa hizi wengine mko jikoni mnasonga ugali wa uwele, wengine mnaingiza magunia ya alizeti ndani kabla giza halijashika, na wapo waliofungulia redio wakitafuta mpira wakanikuta mimi. Leo nina habari za mashimo matatu.

Yako kijijini kwetu, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nyuma ya shule. Gari la kisima lilifika kiangazi, asubuhi na mapema, na siku ile walimu walifundisha madawati. Shimo la kwanza lilishuka mita 90. Likatoa vumbi jekundu, likatoa vumbi la kijivu, kisha mafundi wakazima mtambo wakaenda kunywa chai. La pili lilichimbwa karibu na mkuyu, kwa kuwa mzee mmoja tunayemheshimu alisema mkuyu haudanganyi. Kweli, maji yaliruka juu, akina mama wakapiga vigelegele, mwenyekiti wa kijiji akakinga kiganja ili awe wa kwanza kuonja. Uso wake ninaukumbuka hadi leo. Yalikuwa ya chumvi, tena chumvi yenye uchungu, hata ng'ombe walinusa wakageuka. Shimo la tatu, hatua kama 200 kutoka la pili, likatoa maji matamu. Si mengi, ukiweka ndoo unaweza kusalimiana na watu watatu kabla haijajaa. Ndiyo tunayokunywa.

Mimi wakati ule nilikuwa nimetoka kidato cha nne na daftari langu la Jiografia bado liko sandukuni. Nilikuwa nimekariri: jiolojia huchunguza miamba, jiofizikia huchunguza nguvu zilizomo ardhini, haidrolojia maji, metorolojia hali ya hewa, oshanografia bahari, paleontolojia visukuku, pedolojia udongo. Nilipata alama zangu. Lakini pale nyuma ya shule, katika eneo lisilozidi viwanja viwili vya mpira, ardhi ileile ilitupa vumbi, ikatupa chumvi, ikatupa maji ya kunywa, na orodha yangu haikuweza kunijibu kwa nini.

Tuanze na vumbi. Anayeingia Singida mjini hukaribishwa na mawe: makubwa, ya mviringo, yamepandana kando ya ziwa Singidani kana kwamba kuna mtu aliyapanga akasahau kuyajengea. Ni miamba ya itale, na ni sehemu ya kipande cha kale sana cha Afrika, ambacho wanajiolojia wanakiita kratoni ya Tanzania. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna aliyeyapanga mawe yale. Mwamba uliganda chini kabisa ardhini, ukapata nyufa. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakaulainisha mwamba taratibu ukawa udongo. Mvua za miaka isiyohesabika zikauzoa ule udongo. Kilichobaki ni mioyo migumu ya mwamba, ndiyo hayo mawe tunayopigia picha za harusi.

Sasa, mwamba wa namna hiyo haunywi maji. Mchanga hunywa, itale hainywi. Chini yetu hakuna ziwa wala mto, ingawa ndivyo watu wengi wanavyodhani. Maji hukaa mahali pawili tu: katika tabaka la juu lililooza, na katika nyufa. Ukitoboa mwamba mzima usio na ufa, hata ushuke mita 90, unasaga jiwe. Unalipa fedha za watu kutengeneza unga wa mawe.

Ndipo anapokuja mtu wa jiofizikia, yule tunayesema amekuja kupima maji. Huja na boksi, betri, nyaya ndefu na vyuma vinne. Anachomeka vyuma viwili mbali mbali na kupitisha umeme ardhini. Kwa vyuma viwili vya katikati anapima ardhi ile inaupinga umeme kiasi gani. Akitanua nyaya, umeme unashuka chini zaidi, naye anasoma chini zaidi. Itale kavu hupinga sana. Mwamba uliopasuka na kulowa hupitisha. Hapo mtaalamu anachora mstari, anagonga kigingi na kusema chimbeni hapa.

Lakini ipo hila, na hiyo ndiyo iliyotukuta kwenye mkuyu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha. Kile chombo hakina ulimi. Kinachoweza kusema ni kwamba hapa umeme umepita kwa urahisi. Kigingi cha pili kiligongwa mahali ambapo chombo na mzee walikubaliana, na wote wawili walikuwa na hoja: mkuyu kweli unaonyesha maji yaliyo karibu, na umeme kweli ulipita. Hakuna aliyeuliza maji yenyewe yametoka wapi, na yameshinda humo kwa muda gani.

Swali hilo, msikilizaji, ndilo swali la mkoa wetu.

Chukua ramani. Mito mingi ya Tanzania ina mwisho unaoeleweka: Rufiji, Pangani na Ruvuma inakwenda Bahari ya Hindi, Kagera inaingia Ziwa Viktoria na maji yake hatimaye huonekana Misri. Ya kwetu je? Manonga na Wembere inamwaga maji katika ziwa Kitangiri, Kitangiri linatoa Sibiti, Sibiti inaingia ziwa Eyasi, na habari inaishia hapo. Bubu inakwenda kufia katika dimbwi la Bahi, upande wa Dodoma. Singidani na Kindai, maziwa yetu ya mjini, hayana mlango wa kutokea. Isipokuwa kule kusini mwa Manyoni, ambako mto Kisigo unayapeleka maji Ruaha Mkuu na kutoka huko Rufiji, sehemu kubwa ya maji ya Singida haifiki baharini. Serikali inaliita eneo hili Bonde la Kati, na makao ya Bodi ya Maji ya bonde hilo yapo hapa hapa Singida mjini.

Aliyetufungia njia ya baharini ni Bonde la Ufa. Ufa huo unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya kama mtaro mmoja mrefu, na unapofika kaskazini mwa Tanzania unakutana na ule mwamba wa kale. Umewahi kupasua kuni ukakuta kifundo? Shoka haliendelei moja kwa moja. Kuni inachanika ovyo, ufa mmoja huku, mwingine kule. Ndivyo ilivyokuwa. Ufa mmoja ukaelekea Eyasi na Wembere, mwingine Manyara na Balangida, na kati yake ukachomoza mlima Hanang, volkano ya mita zaidi ya 3,400 ambayo siku isiyo na vumbi tunaiona toka huku. Dereva wa lori anayeshuka mlima Sekenke kwenda Shelui, breki zikinuka, anashuka ukuta wa bonde hilo. Treni ya reli ya kati ikitoka Bahi na kupandisha kwenda Saranda na Manyoni, inapanda ukuta mwingine. Na ardhi bado haijatulia. Tunaposikia vyombo vinalia kabatini usiku, ni mwamba umesogea kidogo.

Mahali ambapo maji hayana pa kutokea, jua ndilo mlango. Jua linachukua maji peke yake, mengine yote linayaacha. Mvua inanyesha juu ya itale, inayeyusha kidogo hiki na kidogo kile, inateremka bondeni, inakauka, inaacha. Mwaka unaofuata tena. Ni sufuria iliyochemshiwa maji tangu enzi na enzi, na haijaoshwa hata mara moja. Hii ndiyo kazi ya jiokemia, elimu inayofuatilia kila madini yametoka jiwe lipi na yamekwenda kulala wapi, na sijui kwa nini shuleni tuliipitia kwa sentensi moja wakati Singida ni maabara yake.

Tazama kilichobaki kwenye sufuria. Itigi kuna jasi, ile inayopelekwa viwanda vya saruji. Jasi ni maji yaliyokauka. Katika mabonde ya Manyoni na Bahi wameona urani, ambayo mvua iliikwangua toka kwenye itale ikaiweka katika matope na mawe ya chokaa. Kampuni ya Uranex ya Australia ilifanya utafutaji huko miaka ya 2000 na 2010. Chumvi ya kisima chetu cha pili ni ya ukoo huohuo: kilikuwa mahali pa chini, maji ya pande zote yalikuwa yakitulia pale na kukaa muda mrefu. Mkuyu wenyewe haujali.

Na kuna floridi, ambayo haina ladha. Hapa naomba mnitulie kidogo, kwa sababu chumvi ni mwizi anayebisha hodi, floridi haibishi. Mmeona meno ya kahawia, yenye mistari, kwa watu wa Singida, Manyara na Arusha. Wakati mwingine mijini vijana wetu wanachekwa, wanafunika mdomo kwa mkono wakicheka. Si uchafu. Ni maji waliyokunywa utotoni meno yakiota. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inakakamaa na kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, si kwa kutojua, bali kwa sababu kufuata 1.5 kungefunga visima vingi na watu wangebaki na nini? Baadaye ikashuka hadi 1.5.

Floridi hutoka katika baadhi ya madini ya itale na katika mawe ya volkano. Ina tabia moja: maji yenye kalsiamu ya kutosha huifunga na kuiangusha chini, maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo huiacha ielee. Maji yaliyokaa sana ardhini mara nyingi ni ya aina hii ya pili. Basi mama anayechemsha maji ya watoto anaua vijidudu, jambo jema, lakini floridi haiui; maji yakipungua kwa mvuke, yeye anaikusanya. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanyia kazi dawa ambayo mwanzoni iliwashangaza watu: mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa mpangilio, inasagwa, maji yanapitishwa humo na floridi inanaswa. Mfupa unaoathiriwa na floridi ndio huohuo unaoinasa.

Nilipeleka chupa ya maji ya kisima chetu cha tatu kupimwa. Yalikuwa chini ya 1.5. Nilifurahi, kisha nikakasirika, maana tulikuwa tumeyanywa miaka kadhaa kabla mtu hajauliza.

Mtasema, huyu bwana anazungumzia Singida na hajataja dhahabu. Nataja, lakini haraka, kwa kuwa dhahabu ina wasemaji wengi. Sekenke, Iramba, Wajerumani walichimba tangu 1909. Wakati wa Vita vya Kwanza, walipozingirwa na sarafu zikawaishia, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Ilikuwa mwaka 1916, na zilitengenezwa kama 16,000; leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya wanazinunua kwa fedha nyingi. Dhahabu hiyo iliingia miambani kwa maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa pamoja na kwatzi, kwa hiyo hata hapo ni habari ya maji na nyufa. Wachimbaji wadogo wa Sekenke na wa Londoni kule Manyoni (naam, tunayo Londoni yetu, na haina ukungu) wanajua kuifuata mbale ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, kwa macho tu, kwa rangi na kwa kutu. Mang'onyi, Ikungi, mgodi wa Shanta ulitoa dhahabu ya kwanza mwaka 2023.

Ninachokinung'unikia ni hiki. Mahali penye dhahabu, mwanajiolojia hutoboa mashimo mia na kila mita ya jiwe inalazwa kwenye trei, inaandikwa namba, inapigwa picha, inatunzwa. Tangu idara ya upimaji wa jiolojia ianzishwe mwaka 1925 chini ya Edmund Teale, hadi taasisi ya leo ya GST iliyopo Dodoma, nchi hii imechora ramani za miamba yake kwa uvumilivu mkubwa. Eyasi Wembere nako, shirika la petroli la taifa, TPDC, linatafuta mafuta kwa ndege, kwa mitetemo na kwa visima vya utafiti. Vyema. Lakini shimo la maji ya kijiji? Nitalirudia.

Udongo kwanza, maana mkulima ananisikiliza na ameanza kunung'unika. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliipa dunia neno katena, la Kilatini, maana yake mnyororo. Alikuwa ameona Afrika Mashariki jambo ambalo kila mkulima wa Kisukuma, Kinyaturu au Kinyiramba alikuwa akililimia: kwamba udongo haubadiliki ovyo, hubadilika kwa kushuka mlima. Juu, mawe. Chini yake kidogo, mchanga mwekundu au wa kijivu, pazuri kwa mtama na uwele. Bondeni kabisa, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Huo tunauita mbuga, na Milne hakuona sababu ya kutafuta jina jingine. Hadi leo ukifungua vitabu vya Kiingereza vya udongo wa Afrika Mashariki, unaikuta mbuga imekaa humo kwa Kiswahili chake. Kila pete ya mnyororo huo huunganishwa na maji yanayoteremka, na kinachotoka juu ndicho kinachokaa chini. Ni sufuria ileile, ila ndogo, ya shamba moja.

Na visukuku vya ile orodha yangu? Bonde la Manonga, jirani zetu wa magharibi, wataalamu wakiongozwa na Terry Harrison walichimba miaka ya 1990 wakakuta mifupa ya samaki, viboko na jamaa wa kale wa tembo, ya miaka milioni kadhaa iliyopita. Palikuwa na ziwa. Ukipita Wembere Oktoba, ng'ombe wakitimua vumbi, ni vigumu kuamini.

Imebaki bahari. Mwanafunzi wa Singida anayesomeshwa oshanografia ana haki ya kuuliza inamhusu nini, toka hapa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Jibu liko Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kwenye visima vinavyonywesha mji ule. Pale kuna kumbukumbu za kina cha maji ya ardhini za miaka 55. Mtu mmoja alishusha kipimo akaandika, akastaafu, akaja mwingine akaandika. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walipozisoma, wakachapisha matokeo mwaka 2013: maji ya ardhini hayakuwa yakiongezeka kila masika. Miaka mingi yalikuwa yakishuka tu, hata mvua ikinyesha. Yalijazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño, 1997 na 1998, ule uliong'oa madaraja na kutuozesha mahindi. Misimu ya namna hiyo huletwa na joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji yetu hayafiki baharini, lakini bahari inafika kwetu. Na ile mvua tuliyoilaani ndiyo pengine ninayoiteka leo kwenye ndoo.

Tusingejua haya kama wale wa Makutupora wangechoka kuandika.

Nirudi nyuma ya shule. Utaratibu unamtaka mchimbaji wa kisima aandike kila tabaka alilopita, mwamba gani, mita ngapi, maji yalitokea wapi, hata kama shimo ni kavu, na taarifa ifike kwenye bodi ya bonde. Mafundi waliokuja kwetu walikuwa na daftari. Nililiona, lilikuwa juu ya dashibodi. Unga wa mawe wa mita 90 ulibaki chungu pale chini, watoto wakachezea, mvua ikauchukua bondeni. Tulipoomba nakala ya walichoandika, tuliambiwa itakuja. Shimo kavu tukalifunika kwa jiwe la itale ili mbuzi wasiangukie.

Mwaka juzi gari jingine lilifika, la mfadhili mwingine, na mtaalamu kijana mwenye adabu nzuri. Akatandaza nyaya zake, akapima nusu siku, kisha akamwendea mwenyekiti, akamwamkia, akamuuliza kama tuna maandishi yoyote ya mahali tulipokwisha kuchimba. Mwenyekiti akamshika mkono, akampeleka kwenye lile jiwe, akalisukuma kwa mguu, wakainama wote wawili kuchungulia gizani.